Goti la Hidakaze

"Fungua hiyo bandeji, daktari, uone uongo ulipofichwa," alisema Mwalimu Tatsuyama.

Hidakaze, mwanamieleka wa sumo wa kilo mia moja na hamsini, alilala kwenye kitanda kilicholia chini yake. Macho aliyakaza darini.

Wiki mbili za mashindano alikuwa akipigana goti la kushoto limefungwa, na mazoezini akikaa pembeni. Wenzake walimhurumia. Mwalimu hakumhurumia mtu.

"Juzi nimemchungulia akitoka bafuni. Anachechemea mguu wa kulia! Mwongo husahau mguu wake."

"Niliteleza, Mwalimu."

"Nyamaza, gunia la mchele wewe! Sasa sikiliza. Goti likiwa bovu, nakutoa mashindanoni leo hii. Likiwa zima, kesho unapanda ulingoni, na ukishindwa nakukata kishungi hicho cha sumo, uache mieleka, urudi kwenu ukavune vitunguu."

Kesho ilikuwa siku ya mwisho. Ushindi mmoja ungempandisha daraja aliloliwinda miaka kumi na moja. Alikuwa na miaka thelathini. Nafasi nyingine haingekuja.

Daktari Mizoguchi akampaka jeli, akapitisha kifaa cha ultrasaundi kwenye goti la kushoto. Mwalimu akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini.

"Hii nyeupe nini?"

"Kano. Nzima."

"Na maji?"

"Hata tone. Goti la mtoto hili."

Mwalimu akajipiga paja. "Nilisema mimi! Kesho unapigana, mwongo mkubwa!" Akatoka kuita teksi, akicheka peke yake ukumbini.

Daktari hakuzima mashine. Alikuwa na desturi yake: kiungo hukisomi peke yake, unakilinganisha na pacha wake. Akahamia goti la kulia. Mkono mpana ukamdaka.

"Hilo haliumi, daktari."

"Basi niache nilione."

Mkono ukalegea. Skrini ikajaa weusi wa maji, na ndani yake kano ya ubavuni imechanika, imebaki uzi.

Daktari akageukia mlangoni. "Mwali..."

"Tafadhali," Hidakaze akanong'ona. "Wiki mbili wapinzani wote wanaifuata bandeji, wananishambulia huku kushoto. Mwache anitukane mpaka kesho."