Jogoo wa Bi Barke

Bi Barke alikuwa amempakata jogoo wake uani, asubuhi moja ya mvua za El Nino, aliposikia kifua cha ndege kikikoroma kama birika linalotokota. Jogoo akanyoosha shingo, akapanua mdomo kutafuta pumzi. Uzi wa ute ukaning'inia.

Kideri. Ugonjwa huo ukiingia banda moja, hufagia kuku wa mtaa mzima.

"Hodi! Nimemletea bwana harusi mke," jirani akaita mlangoni, na kuku wake akalia kwapani.

Mtaa mzima wa Kibokoni ulileta kuku wake kwa jogoo huyu wa aina ya kuchi, mwenye miguu mirefu, na Bi Barke hakumnyima mtu. Majogoo wakiwika alfajiri, huko hadi Makadara, yeye husema kwa maringo, "Wanawe hao."

Akaufuta ute kwa pembe ya leso. Nani angejua?

"Usiingie!" akapaza sauti. "Jogoo wangu ana kideri."

Jirani akanong'ona pale mlangoni, "Basi mchinje upesi, tugawane nyama. Twajua sisi wawili tu."

"Manyoya yake yakasambaze maradhi vichochoroni? Huyu hagawanywi. Namzika hapa hapa uani. Nenda kawaambie watu wafungie kuku wao, na useme ni Bi Barke aliyekutuma."

Nyuma ya mapaa jogoo mwingine akawika kwa sauti safi, ndefu, isiyo na mkwaruzo.

Bi Barke akainua kidevu, akamkumbatia wake.

"Wamsikia mwanao?" akamwambia.