Jiwe la Kichwani kwa Sudi

Mwanahawa alilifuata jiwe lake mpaka chuoni, akalikuta mezani limekatwa vipande saba kama mkate, kila kipande na namba yake.

"Hili limeanguka kutoka mbinguni, mama!" mtafiti akamwambia kwa furaha. "Tumeliokota makaburini, limejilalia tu, halina mwenyewe."

"Lilikuwa kichwani kwa mwanangu Sudi. Makaburi yale yote yamefanana, baba. Sasa nitamjua kwa lipi?"

Mtafiti akamsogezea vile vipande. "Basi chukua kipande kimoja, mama. Ila hicho cha katikati kiache, ndicho tunachokisoma."

Mwanahawa akachukua cha pembeni, akaenda nacho makaburini. Akasimama kati ya matuta ya udongo, kipande amekikumbatia kifuani, hajui ainame wapi.