Nyeupe ya Eda

Ghita alihesabu vidole vya mkono wake wa kulia, vikawa sita. Kumbe anaota, na safari hii anajua. Akajizuia asifurahi, maana furaha ndiyo iliyomwamsha kila mara.

Uani kwao, mjini Fes, marehemu mumewe alikuwa akimimina chai ya nanaa kutoka juu, wala haikutoa mlio. Akaliweka birika chini, akalikazia macho gauni jeupe la eda alilovaa Ghita, kama wavaavyo wajane wa Fes.

“Mbona umevaa nyeupe, mke wangu? Kafa nani?”

Akimwambia ukweli, atampoteza tena.

“Mimi,” Ghita akasema.

“Aa. Nilikuwa nakungoja,” mumewe akasema kwa upole, akampa glasi. “Kunywa, bado ya moto.”

Glasi ikamchoma kwelikweli. Akavihesabu tena vidole vilivyoishika.

Vilikuwa vitano.