Mwisho wa Wimbo wa Marehemu

Mambo yalimharibikia Mzee Mbwana siku ya Jumanne iliyofuata arobaini ya mkewe, alipokwenda darasa la muziki la shuleni kuimba wimbo ambao marehemu aliutunga na kuuimba jikoni kwake tu, usije ukapotea. Mwalimu Sengo aliuandika kwenye kompyuta, nota zikijipanga juu ya mistari.

Katikati, kikohozi kikamkaba mzee.

“Pumzika, mzee wangu. Tusikilize ulipofika.”

Kompyuta ikaupiga, ikapita pale alipoishia, ikashuka mwishoni vile vile alivyoshusha marehemu.

“Huo mwisho sijauimba!”

“Mashine inakisia, mzee.”

“Inakisia ya jikoni kwangu?”

Mwalimu akamtazama mkuu wa shule, aliyesimama mlangoni. Mkuu akainamisha macho.

“Nyie wakubwa! Nani alimwimbisha mke wangu mbele ya mashine hii, na wapi?”