Mchoro Usiohitaji Miaka

Inji aliuinua mchoro wa Abdeshafi kwa ncha za vidole viwili, kama aliyeokota soksi ya mtu.

"Tazameni, jamani! Mzee wetu kaanza mwaka wa kwanza kulia, kamalizia kushoto. Mstari unarudi nyuma kama lori lililokatika breki mlimani!"

Darasa likacheka. Abdeshafi, ambaye kwa miaka thelathini alipima visima vya oasisi yao ya jangwani kwa kamba, alijikuna shingo. "Bi mhandisi, sisi huku kila kitu tunakianzia kulia."

"Ndiyo maana mko nyuma, baba. Na tarakimu zote hizi za nini? Umemwaga dengu?"

Kwa siku tano Inji alikuwa akiwafundisha kuchora takwimu zieleweke papo hapo, na kwa siku tano watu hawa wa jangwani walimchosha. Kwao Kairo, hata mfagiaji wa ofisi alijua mstari huanzia wapi. Adhuhuri hiyo baraza la mkoa lingeamua: visima vipya vipigwe marufuku, au viendelee kuchimbwa mpaka maji ya chini yaishe na mitende ife. Uamuzi mzito hivyo hakuwa tayari kumwachia mshika kamba.

Akachora upya. Mstari mmoja mwekundu, kutoka juu kushoto, ukaporomoka hadi chini kulia. Miaka akaifuta. Tarakimu akazifuta. Juu akaandika: Maji Yetu.

"Acha japo miaka, bi mhandisi," Abdeshafi alinong'ona.

"Mchoro mzuri hujieleza wenyewe. Kaa unywe chai, baba."

Barazani Inji hakusema neno. Aliwapa karatasi, akakunja mikono. Mwenyekiti, Haji Mitwalli, alivaa miwani, akaguna, akawapitishia wenzake. Wazee wote saba wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza swali. Inji akamtazama Abdeshafi pale mlangoni, mdomo umempinda kwa dharau.

"Kazi safi, binti yangu," alisema Haji. "Hata mimi nisiyesoma sana nimeelewa mara moja."

Akaweka kidole kwenye ncha ya kulia, kule chini, akakipandisha polepole juu ya mstari mwekundu mpaka kileleni kushoto.

"Mashallah! Mwaka hadi mwaka, maji yanapanda." Akamgeukia karani. "Andika: vichimbwe visima vingine arobaini."