Paka Ndani ya Shati

Daktari wa mifugo alikata kamba, akafunua kikapu, akacheka kidogo. "Mama, nani alikufundisha kumvalisha paka shati?"

Mideva hakuwa amemvalisha paka chochote. Kikapu kilikuwa cha kubebea kuku, na alikibeba kichwani kutoka Malinya tangu alfajiri. Paka alilia na kukwaruza mpaka walipofika mtoni, ndipo akakifunika kwa shati la marehemu mumewe. Alilitupia tu juu, kama mtu anavyofunika sufuria, akakaza kamba. Paka hakulia tena.

Shati hilo lilipaswa kwenda kwa shemeji, siku ya kugawa nguo za marehemu. Mideva alilificha chini ya magunia ya mahindi kwa sababu bado lilinuka jasho la mwenyewe. Paka naye alikuwa hajala tangu mazishi.

"Umefanya vizuri," daktari alisema. "Hivi hawezi kurukaruka." Ukutani nyuma yake palibaki mraba mweupe, mahali ilipokuwa picha ya Malkia kabla ya uhuru. "Lakini vifungo umevikosea."

Mideva aliinama kutazama. Kuanzia shingoni, kila kifungo kilikuwa kimeingia tundu la jirani yake. Hivyo ndivyo mumewe alivyofunga shati tangu macho yake yaingie ukungu, na kila asubuhi Mideva ndiye aliyemfungulia, akamfungia upya.

Daktari alinyoosha mkono.

"Ngoja, daktari," Mideva alisema. "Hiyo ni kazi yangu."