Nusu ya Mwanga

Taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka kwa siku ya tatu, na fundi mkuu alikuwa hamwamini mtu yeyote.

Sanduku lenyewe halikuwa kubwa, kama begi la shule hivi. Mwanga ukifika umechoka kwa safari ndefu ndani ya faiba, linautia nguvu na kuusukuma mbele hadi kwenye televisheni za watu. Ukifika dhaifu kidogo, linafidia kimyakimya na mtazamaji hana habari. Lakini sasa ulikuwa unafika nusu. Nusu nzima! Sanduku lilikuwa limeshindwa, na mtaa wote ulikuwa unatazama chenga.

"Mpaka Ijumaa," meneja alimwambia. Alikuwa mama asiyepandisha sauti wala kurudia neno. "Usipopata panapovuja, naita gari la makao makuu. Wana mashine ya kupima njia yote, mita kwa mita. Wakikuta jambo lolote, fundi, mimi sitaweza kukutetea."

Fundi akapiga hesabu moyoni. Miaka kumi na tisa kazini, watoto wanne, halafu yote yaje kuishia kwenye karatasi ya hilo gari!

"Haliji, mama," alisema. "Mwizi nitamkamata mwenyewe."

Kwamba ni mwizi, hakuwa na shaka. Faiba ikikatika, mwanga unakufa wote. Ikipinda, leo unapungua, kesho unarudi. Nusu kamili, siku tatu mfululizo, huo ni mkono wa mtu aliyefungua kasha la kuunganishia faiba, akatia kigawanyio na kujichotea. Tena amechotea kabla ya amplifaya, mahali ambapo hasara hufidiwa isionekane. Mpita njia hajui hilo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na watu wa ndani walikuwa watatu tu: yeye mwenyewe, dereva, ambaye hata kubadilisha balbu anaogopa, na Kibiriti.

Kibiriti alikuwa fundi msaidizi, mwembamba mwenye kichwa kikubwa, jina likamganda. Siku hizo alikuwa mpole kupita kiasi. Chai analeta yeye, mlango anafungua yeye. Mtu akikupenda ghafla hivyo, shika mfuko wako.

"Mwalimu, tugawane njia," Kibiriti alisema Alhamisi asubuhi. "Mimi niende sokoni, wewe uchukue kule kwenye maghorofa."

"Tugawane ya nini? Kwenye maghorofa nilipita jana peke yangu, kuko safi. Sokoni tunakwenda wote."

Kibiriti akajifanya anatafuta funguo. Fundi aliona.

Njiani simu ya fundi ililia mara tatu, na mara ya tatu akapokea. Alikuwa mkewe.

"Baba watoto, watu wananisumbua huku. Wanataka picha."

"Waambie wavumilie nimalize kazi hii."

"Siku ya tatu leo!"

"Kuhesabu najua," alisema, akakata.

Walifungua makasha saba wasione kitu. Kwenye la nane, kabla hata kifuniko hakijatoka, Kibiriti akasema, "Safi, twende zetu." Fundi akamkazia macho, kisha akakiinua. Kigawanyio kilikuwa pale, kipya kabisa, na waya mwembamba ulitambaa ukutani mpaka kwenye dirisha la mama mkwe wake Kibiriti.

Loo! Hapo fundi alikasirika kweli, na si kwa wizi peke yake.

"Kigawanyio cha nusu kwa nusu? Kwa televisheni moja? Nani alikufundisha kazi hii?"

"Wewe, mwalimu." Kibiriti alisogea mbele ya kasha. "Mama mkwe kanisema mbele ya watu, eti nawapa picha majirani zake wote, yeye nimemwacha gizani. Nikaona aibu. Kaka, mke wangu amejifungua juzi. Kitoe tu, uninyamazie. Naapa sirudii."

Fundi alimhurumia, tena sana. Kazi yote yule alikuwa ameijulia mikononi mwake. Lakini mwanga uliopotea hauwezi kurudi hivihivi bila maelezo, na meneja hakuwa mtu wa kupewa porojo. Alikitoa kigawanyio, akamshika Kibiriti mkono, wakaenda ofisini.

Mchana uleule Kibiriti alirudisha funguo na koti la kazi. Dereva alishindwa kumtazama. Meneja aliingia mwenyewe chumba cha mitambo, akakuta taa ya kijani, akainama kusoma kipimo.

"Kitabu kinasema mwanga ungefika mwingi kidogo kuliko huu."

"Kitabu ni cha siku faiba ilipokuwa mpya, mama. Hata sisi zamani tulikuwa na nguvu."

Meneja akacheka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona pale ofisini. Akapiga simu makao makuu kuwaambia gari lisije, kisha akampa fundi mkono. "Ningekuwa na waaminifu watatu kama wewe, ningelala usingizi."

Fundi aliaga mapema na kupitia upande wa maghorofa. Akashuka chini ya jengo la kati, akafungua kufuli mbili, akavuta kisanduku kutoka nyuma ya tangi la maji na kuchomeka faiba ya kigawanyio chake mwenyewe, aliyokuwa ameichomoa siku tatu nyuma. Taa ndogo ikawaka. Akampigia mkewe.

"Waambie wapangaji wa majengo yote matatu wawashe televisheni zao. Na yule wa ghorofa ya nne aliyekuwa anaomba kuunganishwa, mwambie nafasi imepatikana."